Balozi wa Ndani ya Mkanda

Biasha Fakihi alikuwa na mdomo. Watu wengine hujulikana kwa mashamba yao au kwa watoto waliowasomesha. Yeye alijulikana kwa maneno. Akiingia sokoni kununua dagaa, wauza samaki walinyamaza kwanza wasikie leo ana lipi. Msibani, aliyechelewa aliuliza kama Biasha ameshafika, na akiambiwa bado, alipunguza mwendo, maana alijua hajakosa kitu.

Na msibani ndiko kwake hasa. Huku kwetu Lindi, mtu akifa ndugu hulia, lakini watani huchekesha. Mtani ni mtu wa kabila ambalo wazee wa zamani walipatana nalo kutaniana badala ya kushikiana mapanga. Ana ruhusa ya kuvaa koti la marehemu, kutembea kama alivyotembea, kumsema ubahili wake mbele ya mjane, na kulizuia jeneza lisitoke uani mpaka apewe kuku. Hakuna wa kumgombeza. Mtani hakasirikiwi, anayemkasirikia mtani ndiye mwenye aibu. Biasha alikuwa Mmwera wa pwani, na Wamatumbi wa milimani walikuwa watani wake, na katika mtaa mzima wa Mikwajuni hakuna Mmatumbi aliyezikwa bila Biasha kumtia maneno.

Mmatumbi wake mkubwa aliishi ukuta kwa ukuta naye. Huyo ni Skolastika, aliyeshuka kutoka Kipatimu miaka thelathini na moja iliyopita na mumewe Klementi, seremala, wakiwa na godoro moja, msumeno na randa. Siku walipofika, Biasha alichungulia juu ya ua akawauliza, "Nyie wachimba ming'oko, nani kawaonyesha njia ya mjini?" Skolastika, godoro kichwani, jasho likimtiririka, hakutua hata mzigo. "Tumefuata harufu ya uvivu," akajibu. "Ikatuleta moja kwa moja mlangoni kwako."

Basi ikawa ndiyo salamu yao. Katika miaka yote hiyo hawakuitana jina la heshima hata mara moja. Biasha alikuwa kikongwe cha pwani, mla bure, anayeswali ili apate kupumzika. Skolastika alikuwa mshamba, mwana wa nyani, aliyeona bahari akadhani ni mafuriko. Lakini mume wa Biasha alipofariki, Skolastika ndiye aliyepika uji wa wafiwa siku saba mfululizo. Na uchungu wa kumzaa Rosa ulipomkamata Skolastika, Biasha ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, akimtukana kwa uzito njia nzima. Ukoo mmoja haungewashinda kwa kupendana, wala soko zima kwa kutukanana.

Kisha ikaja barabara.

Jina lake la serikali ni Barabara ya Mzunguko. Inaachana na barabara kuu upande wa kusini, inapanda nyuma ya mji, inakata vilima na mikorosho, halafu inateremka upande wa kaskazini na kuungana tena na barabara kuu. Vijana huiita Ringirodi. Sisi wengine tunaiita Mkanda, kwa kuwa imeufunga mji kiunoni, na mji, mwenzangu, umeanza kujitazama kwenye kioo. Zamani abiria wa mabasi ya Mtwara walipita hapa wamelala, na ukiwauliza Lindi kukoje, walisema kuna bahari. Sasa wanateremka kupiga picha kwenye taa za mzunguko, pale Mkanda unapoachana na barabara kuu. Bwana harusi asiyezungushwa Mkanda mzima kwa honi hajaoa. Kuna Saluni Mkandani, kuna timu ya Mkanda Stars inayofungwa kila Jumamosi, na fulana zilizoandikwa "Mtoto wa Ndani" huvaliwa na watu waliohamia mwezi uliopita.

Na hapo ndipo penye shida yake. Zamani ukimwuliza mtu kwake wapi, alikutajia mtaa: Ndoro, Mtanda, Mikumbi. Siku hizi swali la kwanza ni ndani au nje. Bodaboda akisikia unakwenda nje anakutazama miguu kwanza. Posa zimevunjika kwa neno hilo. Hata msikitini, tangazo la msiba husema marehemu alikuwa wa ndani au wa nje, kana kwamba malaika naye atauliza. Barabara haikuwa na kosa, barabara ni lami na mawe. Ni sisi tuliouchukua mstari uliochorwa kwa ajili ya malori tukaufanya mpaka wa utu.

Biasha alilijua hilo kuliko wengine, kwa sababu kuna mtu mmoja aliyeko nje kwa mkono wake.

Ilikuwa hivi. Mkanda ulipochorwa, ulipita katikati ya Mikwajuni na kuchukua kaya kumi na mbili, ya Biasha na ya Skolastika zikiwemo. Watu wa mradi walipima viwanja kumi na moja upande wa ndani, karibu na mzunguko, kwa ajili ya wenyeji wa siku nyingi. Mmoja angebaki, naye angepewa kiwanja Namtindi, ng'ambo ya vilima, nje. Ili kumjua mwenyeji na mgeni, kila mkuu wa kaya aliitwa darasani katika shule ya mtaa, na balozi wa nyumba kumi akasimama kumtolea ushahidi. Balozi alikuwa Biasha. Kaya ya kumi na mbili, ya mwisho kwenye orodha, ilikuwa ya binti yake Mwanaidi, aliyeachika huko Mtama na kurudi na watoto watatu, akaishi chumba cha uani kwa mama yake. Alikuwa na miaka miwili tu tangu arudi. Kwa haki, wa nje alikuwa yeye.

Siku ile darasa lilijaa. Karani aliyeandika alikuwa dada mmoja mpole mwenye miwani, mtu wa mikoa ya mbali, aliyefika Lindi wiki hiyo hiyo. Klementi alikuwa Rondo akinunua mbao, kwa hiyo Skolastika ndiye aliyesimama. Karani akauliza, "Balozi, unamfahamu huyu mama? Ameishi hapa muda gani?"

Watu wakaanza kucheka kabla Biasha hajafungua kinywa. Naye, na hadhira ile, angenyamazaje?

"Huyu?" akasema, akimzunguka Skolastika na kumtazama kama anayekagua mbuzi. "Huyu simjui. Kaja juzi na gunia la ming'oko, bado anauliza choo kiko wapi. Mrudisheni kwao milimani, anatutisha watoto."

Darasa likavunjika mbavu. Skolastika alicheka mpaka akajishika dawati, na alipopata pumzi akajibu kwamba choo alishaonyeshwa, ila alikuta balozi amelala humo. Wakacheka tena. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama karani, ambaye alikuwa ameinama, anaandika.

Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini mpaka hapo Biasha hakuwa na kosa. Mtani ametania, ndiyo kazi yake. Lau jambo lingeishia hapo, asingekuwa na la kumnyima raha.

Saa tisa alasiri, watu wakiwa wameshatawanyika, karani alimwita balozi kutia saini karatasi kumi na mbili. Biasha alisoma polepole, kwa kuwa alisomea ngumbaru na herufi bado zilimsumbua. Akaifikia ya Skolastika. Iliandikwa: Balozi hamfahamu. Amehamia hivi karibuni. Hana ushahidi wa ukaazi.

Alitaka kucheka. Alifungua mdomo amwambie yule dada, mwanangu, huo ulikuwa utani, futa hapo. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Kisha jicho lake likaangukia orodha iliyokuwa mezani, kaya zimepangwa kuanzia ya kwanza, na jina la mwisho kabisa, Mwanaidi. Akawaona wale wajukuu watatu. Akaiona njia ya Namtindi, vumbi tupu wakati ule, hakuna maji, hakuna shule. Mdomo ule ambao ulikuwa haujawahi kushindwa ukashindwa.

"Kuna tatizo, mama?" karani akauliza.

"Hakuna," akasema Biasha, akatia saini.

Orodha ilipobandikwa, Klementi alikwenda kuuliza kwa nini wametupwa nje, akajibiwa kwamba nafasi za ndani zimejaa, na kwamba mwenye pingamizi alilete ndani ya siku kumi na nne, na barua ya balozi. Akaja kwa Biasha, kofia mkononi. Klementi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichonga milango, akaiacha iseme.

"Balozi, tuandikie," akasema. "Wewe ndiye unayetujua."

"Nitaandika, shemeji. Usiwe na wasiwasi."

Akaahidi siku ya pili. Siku ya tano alisema kalamu imekwisha wino. Siku ya tisa alisema mwandishi wake kasafiri. Siku ya kumi na tatu Skolastika mwenyewe alimpigia kelele juu ya ua: "Kikongwe, hiyo barua unaiandika au unaifuma?" Biasha alicheka. Siku ya kumi na tano aliwaambia amepeleka na wamekataa. Hakuwa amepeleka kitu. Hilo la pili lilimuuma kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilimjia ghafla, lakini hili alikuwa na wiki mbili za kulifikiria.

Wakahama. Biasha na Mwanaidi ndani, Skolastika na Klementi nje. Mwanaidi alijenga kibanda mbele ya kiwanja chake, karibu kabisa na mzunguko, na watu walipoanza kuja jioni kufanya mazoezi kwenye Mkanda, aliwauzia soda na mihogo ya kukaanga. Mambo yakamnyookea. Akaweka bati jekundu, akaweka vigae. Kila aliyemsifia Mwanaidi kwa nyumba ile alimwona mama yake akiinuka kwenda kutafuta kitu ndani.

Skolastika hakukata mguu. Kila Jumapili akitoka kanisani alipita kwa Biasha, viatu vimejaa vumbi, akakaa chini kwenye mkeka na kuanza: "Hodi wa ndani! Tumekuja sisi wa nje kunusa hewa yenu." Alitania juu ya Mkanda kama alivyotania juu ya kila kitu. Alisema huko Namtindi anaishi na ngedere, nao wana adabu kuliko Wamwera. Zamani Biasha angemrudishia kabla hajamaliza. Sasa alisema tu, "Kunywa chai, mshamba," na sauti haikuwa na chumvi.

Watu waliliona. Misibani Biasha alianza kusingizia mafua. Akienda, alikaa nyuma na wanawake wengine, akilia kama ndugu. Wakasema balozi amezeeka. Wengine wakasema ni maringo ya kuishi ndani. Hakuna aliyesema ukweli, kwa kuwa ukweli ulikuwa kwa mtu mmoja na karatasi moja iliyofungiwa kabatini kwenye ofisi fulani.

Mara moja alifunga safari kwenda kusema. Alinunua kilo ya sukari na doti ya khanga, akavuka Mkanda, akapanda kilima kwa miguu kwa kuwa alitaka njia imwadhibu kidogo. Namtindi palikuwa na nyumba saba wakati ule. Aliwakuta Klementi anapiga randa chini ya kibanda cha nyasi, na Skolastika anapalilia mihogo. Klementi alimwambia kazi imepungua: wateja wa milango wako ndani, na hawapendi kulipia mzigo kuvuka vilima. Alisema hivyo bila kinyongo, kama mtu anayesema mvua imechelewa. Skolastika alimpokea kwa matusi ya furaha, akamwonyesha nyumba ambayo upande mmoja ulikuwa bado haujaezekwa, akamwita kikongwe, akampikia kisamvu. Biasha alikula kisamvu kile. Aliacha sukari, akaacha khanga, akarudi na siri yake vile vile alivyokwenda nayo.

Akaenda kwa Ustadhi Abdulatifu, aliyefundisha watoto madrasa karibu na mzunguko. Hakutaja majina. Alimwuliza kama mtu akikosa, akatubu, akaswali usiku na mchana, hilo halitoshi?

"Lililo baina yako na Mwenyezi Mungu, Yeye ni mwingi wa kusamehe," Ustadhi akasema. "Lakini haki ya mja, bibi, husamehewa na mja mwenyewe. Hapo sala haivuki."

"Na kama mja mwenyewe hajui?"

"Basi aambiwe."

Jibu alikuwa analijua kabla hajavua viatu. Alichokiogopa si hasira ya Skolastika. Alikaa akaiwaza ile hasira mara nyingi, akaitamani hata. Alichoogopa ni kuupoteza ule mkeka wa Jumapili, mtu pekee duniani aliyebaki wa kumwita kikongwe. Kwa hiyo kila Jumapili alijiambia ijayo, na kwa mtindo huo miaka mitatu ikapita.

Klementi alifariki Alhamisi moja mwezi wa sita. Alikuwa na presha kwa muda mrefu. Alianguka kazini asubuhi, Rosa akakimbia kutafuta bodaboda, na Namtindi bodaboda hawakai. Mpaka apatikane, mpaka wateremke, mpaka wasubiri malori yapite wavuke Mkanda, saa nzima ilikuwa imekwenda. Daktari alisema huenda angekufa hata kama angeanguka mlangoni pa hospitali. Alisema huenda. Biasha alilishika neno hilo akakaa nalo kitandani mpaka mchana, hakula. Ile nyumba ya Mwanaidi iko dakika nane kutoka hospitali. Alizihesabu kwa miguu yake mwenyewe.

Siku ya maziko alikwenda. Mwanaidi alitaka kumtafutia bajaji, akakataa. Alipofika Namtindi, uani palikuwa pameshajaa watu, turubai limefungwa, jeneza limewekwa juu ya meza mbili ambazo Klementi mwenyewe alizichonga. Wanawake walikaa chini kwenye mikeka, na Skolastika alikuwa katikati yao, khanga kichwani, macho yamevimba, Rosa akimshika mabega. Watani wengine walikuwa wamekaa vumbini karibu na jeneza, wamejipaka majivu, lakini walikuwa wametulia. Walikuwa wanamngoja yeye.

"Huyooo!" mmoja akapiga kelele. "Balozi kafika! Sasa Klementi atazikwa!"

Wakamletea koti la kazi la marehemu, lenye unga wa mbao mifukoni, wakamvika. Wakamwekea penseli ya seremala sikioni. Watu wakasogea, watoto wakapanda juu ya kuni ili waone. Hata katekista alifunga kitabu chake, akasubiri, maana alijua ibada haiwezi kuendelea kabla watani hawajamaliza. Na Skolastika, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, aliinua uso. Alikuwa anaomba, waziwazi kabisa, achekeshwe.

Biasha alisimama mbele ya jeneza. Alikuwa ameandaa maneno njiani. Alikusudia kusema Klementi alichonga milango yote ya Lindi akasahau kuchonga wa kutokea duniani, ndiyo maana kapita dirishani. Lilikuwa neno zuri, lingewaangusha. Lakini alilinusa lile koti, jasho na mkorosho, na kilichotoka kinywani kilikuwa kingine.

"Huyu nimemuua mimi," akasema.

Watu wakacheka kwa kishindo. Wakapiga makofi.

"Si mzaha. Mimi ndiye niliyemleta porini huku. Siku ile darasani nilitania, na yule karani akaandika. Nikapewa karatasi nisaini, nikaisoma, nikaona imeandikwa simjui Skolastika. Nikasaini."

"Lete uongo, kikongwe!" mtu akapiga kelele kwa furaha. Machozi yalikuwa yanamtoka Biasha, naye kila alipojifuta walicheka zaidi, wakaambizana kwamba balozi hajazeeka hata kidogo, tazama anavyoigiza. Akawaambia habari ya barua ambayo hakuipeleka. Wakacheka. Akawaambia Mwanaidi anakaa kwenye kiwanja cha Skolastika. Mwanamke mmoja alilala chali kwenye mkeka, anajipepea, anasema jamani mwacheni, ataniua. Kijana mmoja alikuwa anarekodi kwa simu.

Biasha akasimama katikati ya kicheko kile na kuona njia ya kutokea. Ilikuwa wazi. Angeongeza neno moja tu, lolote, angedai kuku wake, na kila kitu kingebaki utani. Angekuwa amesema, na angekuwa hajasema. Jumapili mkeka ungetandikwa.

Skolastika peke yake hakucheka. Alimwondoa Rosa mabegani, akasimama kwa shida. "Biasha," akaita. Watu waliendelea kucheka, naye akanyoosha mkono mpaka wakanyamaza mmoja mmoja. "Huo ni utani?"

Biasha akalivua koti. Akalikunja, akaliweka juu ya jeneza.

"Hapana," akasema. "Si utani. Niliisoma ile karatasi nikasaini. Nilitaka Mwanaidi apate. Na barua ya Klementi sikuiandika kabisa. Nilimdanganya, na wewe nimekudanganya kila Jumapili miaka mitatu. Nisamehe, au usinisamehe, lakini si utani."

Sasa hakuna aliyecheka. Yule kijana aliishusha simu. Watani wale wengine walitazama chini, kwa maana mtani akishasema kwamba hatanii, hawana kazi tena. Biasha alingoja. Alingoja kofi, alingoja laana, alingoja aitwe mchawi na muuaji mbele ya umati ule, na moyo wake ulikuwa unaomba lije lolote katika hayo, likiwa na sauti ya Skolastika anayoijua.

Skolastika akaivuta khanga yake, akaitengeneza vizuri kichwani, kama mtu anayepokea wageni wa heshima.

"Asante kwa kuja kutuzikia, Mama Mwanaidi," akasema kwa upole. "Umetoka mbali, na jua ni kali. Rosa, mpe bibi kiti."

Rosa akaenda ndani, akarudi na kiti cha plastiki, akakipangusa vumbi kwa upindo wa nguo yake. Akakiweka kivulini, upande waliokaa viongozi wa kanisa na watu waliotoka ofisini. Akapiga magoti kidogo, akamwambia Biasha karibu.

Na Biasha, ambaye kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kukaa juu ya kiti nyumbani kwa Skolastika, akakaa.